Jina la Mama Kinywani Mwangu

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Ni jina la mama yangu, na sikulelewa kulichezea jina la mama yangu, hata kwenye karatasi. Lakini wewe msomaji unalijua. Ni jina la kawaida kabisa. Lipaze katikati ya soko lolote, wanawake watano watageuka, na wa sita atakuuliza una shida gani naye.

Nyumbani kwetu jina hilo lilikuwa na mtu wake wa kulitamka, naye alikuwa baba. Sheria aliiweka mwenyewe, kwa mzaha ulioishia kuwa sheria kweli. "Nyinyi mwiteni mama," alikuwa akituambia mimi na dada zangu. "Jina niachieni mimi. Nimelihangaikia." Alfajiri, mkate wa kwanza ukishaanza kunukia, aliliita mara moja tu kutoka kwenye tanuri, kwa sauti ya kuvuta, na mama aliitika kutoka uani, "Abee!" Sisi watoto tuliamshwa na hiyo "Abee". Hatukuhitaji jogoo.

Baba alipofariki, hakuna aliyeirithi kazi hiyo. Kwetu sisi aliendelea kuwa mama. Kwa shangazi, dada yake baba, alikuwa wifi. Kwa majirani alikuwa Mama Mikate. Jina lake likawa juu ya mlango wa duka, kwa herufi kubwa nyekundu, na kwenye midomo ya wateja. Mji wetu wote uliuita mkate wetu kwa jina hilo. Mtu alimwambia mwenzake, "Pitia pale uniletee," na jina likafuata, na kilicholetwa kilikuwa mkate. Ni mimi tu, niliyeukanda na kuuoka, niliyesema "mkate".

Basi fikiria mwenyewe siku niliyompenda mwanamke mwenye jina hilo hilo.

Alikuja kuandika upya kibao cha duka. Rangi ya zamani ilikuwa imebanduka kwa jua, na mama akasema hataki jina lake lionekane kama lina upele. Akaja mchoraji, binti mrefu mwenye suruali iliyojaa madoa ya kila kazi aliyowahi kuifanya, brashi nyembamba ameichomeka nyuma ya sikio. Alinyoosha uzi wenye chaki, akaufyatua, mstari ukakaa. Halafu akaanza na herufi ya katikati.

Nilikuwa mlangoni na donge la unga mkononi. Nikamuuliza, "Mbona unaanzia katikati? Wewe hukufundishwa kusoma?"

Hakugeuka. "Wanaoanzia mwanzoni hufika mwishoni hawana nafasi. Herufi za mwisho zinabanwa kama abiria. Jina halitakiwi kubanwa, kaka. Rudi kwenye unga wako, unakauka."

Na kweli ulikuwa unakauka.

Alipomaliza kile kibao, akatoa brashi ya sikioni, akaandika pale chini pembeni jina lake, dogo kama ukucha. Mama akatoka na aproni yake, akatazama juu.

"Umeniandika mara mbili," mama akasema.

"Hapana, mama. Kubwa ni lako. Dogo ni langu."

"Lifute."

Yule binti akashuka ngazi taratibu mpaka macho yao yakalingana. "Mama, mimi huweka jina kwenye kazi ninayoweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote. Ukiniambia nifute dogo, nitafuta na kubwa, uite mwingine. Nitasikitika, maana hilo nimeliandika vizuri. Nimelizoea."

Mama akamtazama, akaingia ndani. Kibao kikabaki kama kilivyo. Wakati huo huo lori likasimama mbele ya duka, na dereva, baba yake, akatoa kichwa dirishani akamwita binti yake kwa jina, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na injini. Ndani, nikasikia trei ikianguka.

Sikuijali ile trei. Nilikuwa nikimtazama anavyopanda lori, na najua hapo ndipo nilipokamatika.

Tukapendana. Sitakuchosha na habari za kusindikizana, maana kila mtu amesindikizwa. Nitakuambia tu kwamba yeye aliniita Mikate, na mimi nikamwita Rangi, na kwa muda mrefu hakuna kati yetu aliyelalamika.

Siku hizo nilikuwa nikisoma shule ya usiku. Nilikuwa mtu mzima kwenye dawati la mtoto, magoti yamenifika kidevuni, lakini nilikuwa nasoma. Mwalimu alitutuma maktaba tukatafute jambo lolote, tulielezee darasani. Wenzangu walitafuta volkano na mioyo ya nyangumi. Mimi nilifungua kamusi ya majina. Nikamwendea mkutubi, mwanamke wa miwani, nikamwekea kidole mahali.

"Unataka hili?" akauliza, akalisoma kwa sauti.

Niligeuka nyuma haraka, kana kwamba mama ameingia.

"Una nini, kaka?"

"Hakuna kitu. Kamusi inasemaje?"

Ilisema kwamba jina hilo maana yake ni mtu wa kuaminiwa: mtu unayemwachia kitu chako, ukageuza kisogo, na ukirudi unakikuta. Ilisema pia kwamba kulikuwa na malkia wa zamani aliyeitwa hivyo, ambaye husimuliwa kwamba aliongoza jeshi lake akiwa juu ya farasi. Nilitoka maktaba nikitembea kama mimi ndiye farasi. Wanawake wangu wawili walikuwa na jina la namna hiyo, na mimi sikuwa nimewahi kulipitisha kwenye meno.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Nilimpelekea Rangi habari zile kama zawadi. Alikuwa akiandika ubavuni mwa lori la baba yake, amepiga goti moja chini.

"Umesoma yote hayo kuhusu jina langu?" akaniuliza.

"Yote."

"Haya, liseme."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Sema, Mikate. Mara moja. Hapa hakuna mtu, ni lori tu."

"Unajua kwa nini siwezi. Ni jina la mama."

"Ni langu pia. Rangi ni kitu cha kopo. Kopo likiisha linatupwa. Mimi nina jina, na nimelipewa na watu."

"Tukioana nitakuita mke wangu."

"Na nikikupotea kwenye umati? Utapaza sauti, 'Mke wangu'? Watakugeukia wake za watu, upigwe." Akainuka, akafuta brashi kwenye suruali. "Nakupenda, na unajua. Lakini sitakwenda kuishi miaka yangu yote na mwanaume anayeliogopa jina langu kama mbwa mkali. Jumapili mimi na baba tunakuja kwenu. Jitayarishe."

Jumapili ikafika.

Sebule yetu iko nyuma ya duka, ukuta mmoja na chumba cha tanuri, kwa hiyo viti vyake vyote vina joto na harufu ya mkate. Mama alivaa gauni lake la kijani. Shangazi alikaa karibu naye, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi. Dereva alikaa kwenye kiti kilichomtosha nusu. Yeye, Rangi wangu, alivaa kitenge kipya, lakini kwenye kucha zake bado kulikuwa na nyekundu ya kibao chetu. Sijui kwa nini nyekundu ile ilinipa moyo.

Dereva alikuwa mtu mwema, asiyejua kunong'ona. Akamwita binti yake kwa jina, ampishe shangazi nafasi. Akamwita tena, ampokee mama birika. Akamwita mara ya tatu, amsaidie kukumbuka jina la mji fulani. Kila alipoita, kikombe cha mama kiligonga kisahani chake.

"Wifi, chai ni ya moto?" shangazi akauliza.

"Ni ya kawaida," mama akajibu.

Wakaongea habari za barabara mbovu na unga kupanda bei. Kisha mama akaweka kikombe mezani.

"Mzee mwenzangu," akamwambia dereva, "binti yako nimemtazama, na sina neno baya juu yake. Ana kazi, ana mikono, hana woga. Mwanangu ameshindwa kulala, na mwokaji asiyelala anaunguza mikate. Kwa hiyo mimi siwi kizuizi."

Dereva akapumua mpaka kiti kikalia.

"Lakini neno langu ni moja. Akiingia nyumba hii, aingie na jina jingine. Tutamchagulia zuri."

Shangazi, ambaye hawezi kuvumilia kimya, akasaidia: "Majina mazuri yako mengi tu, yamekaa hayana watu. Mimi mwenyewe ninayo kama matatu kichwani."

"Shangazi," nikasema.

"Nini? Nasaidia."

Rangi aliweka mikono yake mapajani, ile mikono yenye nyekundu. "Mama, naomba ruhusa niseme."

"Sema, mwanangu."

"Ningepewa jina hili na mtu aliyelisikia redioni, ningeliacha leo, tukaendelea na chai. Lakini sikulipata hivyo. Bibi yake baba alikuwa mkunga. Huko alikoishi hakukuwa na hospitali wala barabara. Alikuwa akiitwa usiku wa mvua, anakwenda. Wasichana aliowapokea walipewa jina lake, mpaka mtaa mmoja ukajaa. Mwalimu akiita jina hilo darasani, nusu ya darasa inasimama."

"Ni kweli kabisa," dereva akanguruma. "Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nusu ya darasa!"

"Halafu shangazi yangu, dada yake baba. Huyo alikuwa akichora ramani za dunia kwenye kuta za shule. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda hata garimoshi. Watoto wa watu wamekwenda wakarudi, wakamwambia, 'Mto ule uko pale pale ulipouweka.' Alinishikisha brashi nikiwa simfikii kiunoni. Alipokuwa anakufa aliniambia nisiandike jina letu mahali ambapo nitaona haya kulisoma. Ndiyo maana naliandika dogo, mama. Lakini naliandika."

Nikaona shangazi yangu ameacha kuchezea mkoba.

"Mnajua na maana yake?" Rangi akauliza.

"Maana yake ni mke wa kaka yangu," shangazi akasema. "Katika nyumba hii halijawahi kuwa na maana nyingine."

Mama akainua mkono, shangazi akanyamaza. Kisha mama akanyooka kitini. Mimi namjua. Hivyo ndivyo anavyonyooka kabla ya kunyanyua gunia.

"Mwanangu, nimekusikia. Hao ni watu wa kujivunia, na mimi nawapa heshima yao. Lakini sasa nikuambie kuhusu mmoja aliye hai. Mume wangu alipokufa, shemeji zangu walikaa kwenye hivyo viti mlivyokalia. Wakasema tanuri litazimwa, mwanamke hawezi kuamka na moto. Huyu shangazi yao hapa ni shahidi."

"Nilikuwepo," shangazi akasema. "Nilikuwa upande wako, wifi."

"Ulikuwa upande wa chai. Lakini hukunipinga, nashukuru." Mama akaendelea. "Mwenye kinu cha unga akaniuliza, nani atasimama badala ya marehemu? Nikamtajia jina langu. Akacheka. Nikamwambia, liandike, usilicheke. Akaliandika. Asubuhi yake nikawasha moto mwenyewe, na tangu hapo haujawahi kuzimika. Kibao nilichokikuta kilisema Mikate Bora. Nikakishusha. Nikapandisha jina langu, maana bora ni neno la kila mtu, na mimi nilikuwa nimelipia langu. Leo mji huu haufungui kinywa asubuhi bila jina hilo. Kwa hiyo usidhani ninakunyima kitu nisichokijua thamani yake. Ninalijua lina uzito gani. Ndiyo maana nasema, nyumba moja haibebi mawili."

Wakatazamana wale wawili. Niapishe kwa kitu chochote unachotaka: walifanana. Kidevu kile kile kilichoinuliwa, macho yale yale yasiyoomba. Ningekuwa mchoraji ningewachora. Nilikuwa mwokaji, nikaona tu kwamba nimekaa katikati ya matanuri mawili.

"Siwezi, mama," Rangi akasema kwa upole. "Jina nililopewa na waliokufa siwezi kulivua mlangoni kama viatu." Kisha akanigeukia. "Na wewe? Umekaa kama mgeni. Mimi ni nani kwako? Niite."

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nalo kabisa, msomaji, lilikuwa limekaa kwenye ulimi. Nikamwona mama ananitazama. Nikaona aproni yake imening'inia mlangoni. Nikamkumbuka baba.

"Ran..." nikaanza.

Akainuka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Asante kwa chai, mama. Mkate wako ni mtamu, na jina lako umelitendea haki. Baba, twende."

"Lakini sijamaliza..." dereva akaanza, akaona uso wa binti yake, akaacha kikombe.

Wakatoka. Mama naye akainuka, akaingia chumba cha tanuri, akafunga mlango nyuma yake. Tukabaki mimi na shangazi.

"Unasubiri nini?" shangazi akaniuliza.

"Nimfuate nani?"

"Mimi nijue wapi? Mimi niko upande wa chai."

Nilimfuata mama. Kumfuata yule mwingine huku bado ni bubu kungenisaidia nini?

Mama alikuwa amesimama mbele ya tanuri, gauni la kijani na aproni yenye unga juu yake, anasogeza makaa ambayo hayakuhitaji kusogezwa. Nilikuwa na maneno makali nimeyapanga. Nilipoona mgongo wake yakapungua.

"Mama, mji mzima unalitaja jina lako. Mmoja zaidi atakupunguzia nini?"

"Mji mzima unaita mkate," akasema.

"Ni jina lako."

"Ni jina langu, na wanaita mkate." Akageuka. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa moto, au kwa kitu kingine. "Wewe unaniita mama. Shangazi yako, wifi. Jirani, Mama Mikate. Kila mmoja ananiita kwa kazi ninayomfanyia. Sisemi ni vibaya. Lakini jina langu linaliwa na mji mzima kila asubuhi, na hakuna anayeniita mimi. Aliyekuwa akiniita aliondoka nalo."

Miaka yote ile niliamini kwamba kutolitamka ni kumheshimu.

"Siku ile kibao kilipoandikwa," akaendelea kwa sauti ya chini, "nilikuwa hapa nimeshika trei. Nikasikia mwanaume ananiita kutoka nje. Kwa jina. Kwa sauti kubwa, kama mtu aliyetoka mbali. Unajua nilifanya nini? Nikaitika. Trei ikaanguka, na mimi naitika kama msichana. Halafu nikachungulia, nikaona ni dereva anamwita mwanawe." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Hakuna aliyenisikia. Namshukuru Mungu hakuna aliyenisikia. Sasa unataka huyo binti akae humu ndani, aitwe asubuhi, aitwe jioni, na kila mara moyo wangu usimame bure?"

Nikamsogelea. Tangu nikiwa mtoto sikuwa nimemshika mama bega. Nilimshika.

"Mama, mimi nimelisoma jina lako maktaba. Maana yake ni mtu wa kuaminiwa. Unamwachia kitu chako, unageuza kisogo, ukirudi unakikuta."

Akatazama moto.

"Baba yako hakurudi," akasema.

"Hakurudi. Lakini kitu chake kipo. Angalia. Kinawaka."

Akafumba macho. Nje, lori likaanza kunguruma. Injini ya dereva haikuwa ya kuwaka mara moja. Ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika.

"Mama, unisamehe," nikasema. "Nakwenda kumwita."

"Utamwitaje?"

Sikumjibu. Nilipita sebuleni, nikamruka shangazi miguu, nikapita dukani kati ya rafu za mikate, nikatoka kwenye ngazi ya mlango, chini ya kile kibao. Lori lilikuwa limeshaanza kusogea. Yeye alikuwa upande wa dirisha, anatazama mbele, kidevu juu. Majirani walikuwa vibarazani mwao, maana mgeni akiondoka kabla ya chai kuisha mtaa wote hujua.

Nikavuta pumzi hadi tumboni. Nikasimama kama baba alivyokuwa akisimama mbele ya tanuri, mkono mmoja kiunoni. Na nikaliita.

Sikulinong'ona. Nililiita lote, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sauti ya kuvuta, juu ya ile injini, juu ya mabati ya mtaa. Lilikuwa jina tamu. Sikujua. Nilikuwa nimelioka miaka yote na sikuwahi kulionja.

Lori likasimama. Kichwa chake kikatoka dirishani, macho yamejaa machozi, na akajibu kwa sauti iliyovuka barabara:

"Abee!"

Na nyuma yangu, dukani, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa naamshwa nayo, ikaja nyingine:

"Abee."

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama kati ya rafu, mkono wenye unga umeziba mdomo, kama mtu aliyekamatwa. Alikuwa ameitika kabla hajajizuia. Na safari hii amesikika: na mimi, na shangazi aliyekuwa nyuma yake na kipande cha mkate mkononi, na mtaa mzima.

Shangazi ndiye aliyeanza. "Wifi," akasema taratibu, mdomo umejaa, "kumbe bado unajua kuitika."

Nilidhani mama atalia. Hakulia. Alishusha mkono, na unga ukabaki mashavuni kama poda ya bibi harusi. Akatoka nje, akasimama kando yangu, akaliangalia lori.

"Unasubiri nini huko juu?" akamwambia yule binti. "Umeitwa. Shuka, chai inapoa."

Akashuka. Alivuka barabara bila haraka, kwa sababu yeye si mtu wa kukimbia, na alipofika mbele yangu hakunikumbatia. Alinitazama tu, kama anavyotazama herufi aliyomaliza, kuangalia kama imekaa sawa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, pole pole, mbele ya uso wake. Nikaona anatabasamu kabla sijafika mwisho. Mama, kando yetu, alifumba macho kidogo, lakini safari hii hakuitika. Alisikiliza.

"Litakuwa linanisumbua mwanzoni," akasema mama, akiwa haongei na mtu hasa. "Mtanipa muda. Na nikiitika kwa bahati mbaya, nisichekwe."

"Nani atakucheka?" Rangi akasema. Sitamwita tena Rangi. Ni mazoea ya kalamu. "Tutaitika wote wawili. Anayetuita atachagua."

"Achague?" dereva akanguruma kutoka kwenye lori. "Kijana, umekwisha!"

Mtaa ukacheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameinua uso, anatazama kibao juu ya mlango, lile jina lake kubwa lililoanzia katikati na kupata nafasi yake pande zote. Kisha macho yakashuka hadi pembeni, kwenye lile dogo kama ukucha.

"Mwanangu," akasema, "hili lako umeliandika dogo mno. Mtu akiwa ng'ambo ya barabara halioni."

"Niliongeze ukubwa, mama?"

Mama akafikiri. Akajifuta unga shavuni, akanyooka.

"Liongeze. Ila lisilipite langu."